Mama Mwanamina, Nafasi ya Picha Yako Tumeiacha Wazi

Mwaka umetimia, mama, tangu tukuzike Mohoro, karibu na baba, kama ulivyotaka. Wenzetu huweka picha ya marehemu hapa juu. Sisi nafasi tumeiacha wazi, na wasomaji watatuwia radhi tukieleza kwa nini.

Hukupenda kupigwa picha. Kwenye harusi ya binti yako Warda ulijitanda kanga hadi machoni. Ile ya kitambulisho umenuna utadhani karani kakutukana, na hiyo siyo wewe. Wewe ulikuwa mtu wa kucheka juu ya dungu, ukifukuza ndege kwenye mpunga kwa matusi tusiyoweza kuyaandika gazetini. Ukivuna, wa kwanza kula mchele mpya alikuwa jirani.

Picha yako nzuri ni moja tu duniani, nayo iko Kibiti, ukutani kwa muuza soksi.

Uliumwa sukari miaka kumi na moja, na nyayo zako zilishakufa ganzi. Kidonda cha mguuni kilipogoma kufunga, mfa maji haachi kutapatapa. Hashimu, kitindamimba wako, alisikia kuna soksi za grafini, zinachajiwa kama simu, zinapasha damu joto na kuponya vidonda. Akakupeleka. Yule bwana, na koti lake jeupe, aliomba apige picha ya miguu tu. Ukacheka, kwa kuwa maisha yako yote hukuwahi kuvaa soksi. Akapiga uso.

Ulikaa nazo mchana kutwa kama alivyokuelekeza. Hashimu akakuuliza kama zinaunguza.

“Mie sisikii kitu, mwanangu,” ulimjibu. “Labda hazijaingia chaji.”

Jioni tulipokuvua, ngozi ilikuja na soksi.

Daktari aliyekukata mguu alitueleza kwamba grafini ni kitu cha kweli: utando wa kaboni mwembamba kupita kiasi, na wataalamu wanauchunguza wapate kupimia magonjwa na kufunikia vidonda. Lakini hiyo ni kazi ya maabara, si ya kibanda cha stendi. Na mguu usiohisi haufungwi kitu cha moto, kiwe cha grafini au cha mkaa. Yule bwana hakukuuliza kama unahisi. Wiki ya tatu ulitutoka.

Baada ya arobaini tulikwenda kumwomba aibandue picha. Akasema ni mali yake, kisha akatupa pole. Pole yake tulimwachia palepale. Hadi leo unacheka ukutani, na chini yako pameandikwa NIMEPONA. Mwezi uliopita Bi. Tabu wa Chumbi, mwenye sukari kama wewe, alinunua jozi. Subira, binti yako mkubwa, alimkuta kesha­zivaa, akamvua kwa mikono yake. Bi. Tabu alisema hakumwamini yule bwana, alikuamini wewe.

Kwa hiyo tunasema hapa, kila mtu asikie: mama yetu hakupona, na neno lile hakulisema. Nawe bwana, unajijua. Tutakuja kusimama mbele ya bango lako kila Ijumaa baada ya swala, mpaka lishuke.

Wanaokukumbuka, mama, ni watoto wako Subira, Saidy na Warda, pamoja na wajukuu na ndugu zako wa Mohoro na Mtunda. Hashimu aliomba jina lake tuliache. Tumemkatalia, maana alikupeleka kwa kukupenda. Hashimu yumo.

Nasi siku zote tutakukumbuka ukiwa umejitanda kanga usoni.