Mke wangu kaenda kwao sababu ya pikipiki, niiuze?

Mpendwa Bi Zuwena, shikamoo. Naomba msaada wako, na naomba usome mpaka mwisho ndipo ucheke, maana hapa Nyangamara wameshanicheka vya kutosha.

Mimi ni Shaaban, kazi yangu kupulizia mikorosho ya watu salfa, ile dawa ya unga, natoka shamba hili naingia lile, mashine ya kupulizia nimeifunga nyuma ya pikipiki, na pikipiki yenyewe ni zile ndefu za porini, tairi za meno, madigadi yameinuka, ekzosi imepanda ubavuni mpaka karibu na kiti, niliinunua mjini Mtama kabla sijaoa, na sikufichi, naipenda, kwa sababu mchanga haiogopi na makorongo haiogopi, wakati hizi za bodaboda zikifika kwenye mchanga wa kwetu zinalala.

Sasa sisi wapuliziaji tuna mtindo wetu, salfa ikianza kupeperuka inaziba sponji la eya klina, lile linalochuja hewa ya injini, pikipiki inakosa nguvu, basi kila mtu analing'oa sponji na kulitupa mpaka msimu uishe. Fundi Nikodemo wa Mtama alinikataza, akaniambia, "Kaka, lifue hilo, usilitupe. Hilo vumbi litaingia ndani lisage injini." Nikamwambia wenzangu wote wametoa, nikalitupa, na kweli wiki ya kwanza ilikimbia hata nikawa naimba njiani, lakini mwezi haujaisha ikaanza kula oili na kutoa moshi, na mlima ikawa inapanda kwa kunung'unika.

Mke wangu Nusaiba ni mtu wa Kilwa Kivinje, na kiti cha pikipiki yangu kiko juu, yeye na kanga zake hukaa upande, kwa hiyo nyumbani hupanda kwanza juu ya kinu ndipo apande pikipiki, na sisi tulikuwa tukilicheka jambo hilo wote wawili. Siku hiyo tulikuwa tunakwenda harusini Rutamba, amevaa doti mpya, tukafika katikati ya mlima injini ikakata, tukarudi nyuma, tukaanguka, ekzosi ya moto ikamlalia mguuni. Nikaiinua pikipiki haraka kwa sababu petroli ilikuwa inamwagika, kisha nikamwinua na yeye. Yeye alikung'uta kanga iliyotoboka, akatembea mpaka harusini, na Jumatatu akafunga begi akaniambia, "Mimi nakwenda kwa mama. Ukipata pikipiki ambayo na mimi naweza kupanda, utanifuata."

Huu ni mwezi wa pili, Bi Zuwena. Nampenda mke wangu, na nyumba bila maneno yake sikai ndani, nakaa barazani kama mgeni. Kaka yangu Yunusu anasema niuze ninunue ya bodaboda, lakini kazi nitaifanyaje? Nimeona nyingine ya porini inauzwa Lindi, mpya zaidi, ndefu zaidi, injini kubwa mara mbili, nadhani akiiona atafurahi. Au niifiche hii kwa Yunusu, nimwambie Nusaiba nimeuza, akisharudi nitamzoesha polepole? Nifanye lipi?

Shaaban, Nyangamara

Bi Zuwena anajibu:

Marahaba, Shaaban. Nimesoma mpaka mwisho, nikacheka, halafu nikakukasirikia. Kaa vizuri.

Kuificha kwa Yunusu, futa kabisa. Pikipiki inayotoa moshi kiasi hicho utaificha wapi, na Nyangamara nani asiyeijua? Siku Nusaiba akijua, na atajua, hutakuwa na pikipiki mbovu tu, utakuwa na jina la mwongo.

Hiyo ya Lindi nayo achana nayo. Mwenzio anapanda kwa msaada wa kinu, wewe unataka kumletea ndefu zaidi! Utamwekea kinu juu ya kinu? Hiyo umejichagulia mwenyewe, usimsingizie mke.

Yunusu anakutakia mema, ila habebi mashine ya salfa kwenye mchanga. Pikipiki ya porini ndiyo inayokufaa, lakini iwe ndogo na nyepesi. Injini kubwa ya nini, unashindana na nani huko mashambani? Ukikaa juu yake, nyayo zote mbili zikanyage chini. Kiti kiwe cha watu wawili, na abiria awe na pa kuweka miguu. Ekzosi iwe na ngao. Vipuri vyake viwepo Mtama. Na ukienda kuitazama, ikute ya baridi, uiwashe mwenyewe kwa kiki. Muuzaji aliyekwisha kuipasha moto kabla hujafika anakuficha kitu.

Kama huna uwezo wa nyingine, basi rudi kwa Nikodemo na kichwa umeinamisha, umwambie alikuwa sahihi. Abadilishe pistoni na ringi, fundi wa kuchomelea aikinge ekzosi kwa bati, fundi viti apunguze kile kiti. Na sponji, Shaaban, msimu wa salfa lifue kila jioni kwa maji na sabuni, likauke kivulini, ulipake oili kidogo, ulikamue, ulirudishe. Nunua mawili, moja likikauka jingine liko kazini. Hao wenzako waliotupa ya kwao, waache wanunue pistoni.

Ila usiuze, usinunue, usitengeneze hata kiti, mpaka Nusaiba amesema. Ulimsikiliza fundi ukampuuza, ukamsikiliza Yunusu, ukawasikiliza wapuliziaji. Anayepanda nyuma hujamwuliza hata siku moja, na ndiye aliyekwambia wazi anachotaka: "na mimi."

Sasa lililonikasirisha. Unaandika uliiinua pikipiki, kisha ukamwinua na yeye. Ungeniandikia uliiinua ili imtoke mguuni, ningekupigia makofi, maana ndivyo inavyotakiwa. Umeniandikia petroli. Kama mimi nimeiona hiyo kutoka huku niliko, yeye aliyekuwa chini ameionaje?

Wewe si mtu mbaya, mwanangu. Mtu mbaya hakai barazani miezi miwili. Basi Alhamisi panda basi uende Kivinje, hiyo pikipiki iache nyumbani. Mwamkie mama mkwe, kaa utakapoonyeshwa, kula utakachopewa. Nusaiba akitoka, usianze na habari za injini. Umeniandikia ekzosi, tairi, sponji na madigadi, na mpaka sasa sijui kama mguu wake umepona. Nadhani na wewe hujui. Kamwulize.