Bega la Mzee Faustin

Mpendwa mjukuu wangu,

Mama yako anaandika, mimi nasema. Nimemkataza kunisahihisha.

Uliniambia kwa simu kwamba huko chuoni wanabishana wema wa muntu ulitoka wapi. Wengine wanasema kwa Mungu, wengine kwa woga, wengine kwa wazee wa zamani sana, maana wasiosaidiana walikufa. Halafu ukalia. Ukasema kama ni mazoea tu ya kutafuta kuishi, basi hata upendo wangu kwako ni bure. Nikakuambia ule kwanza.

Sasa sikia. Unakumbuka siku nilipoteleza shambani hapa Nkungu, mguu ukavunjika? Gari haipandi huku. Wanaume walileta ingobyi, kile kitanda cha kusuka cha kubebea wagonjwa, nawe ukatembea kando ukinishikia mwavuli, unalia kuliko mimi mwenye mguu. Mzee Faustin alikuwa analima kwake. Tangu tugombane juu ya miyenzi, ile miti ya uzio wa mpaka, alikuwa hanisalimii, na mimi niliapa sitakanyaga kwake. Alitupa jembe, akaweka bega.

Tulipofika barabarani ulimuuliza, "Mzee, si hamusemeshane na Nyanya? Juu ya nini unamubeba?"

Aliangalia bega lake kama la muntu mwingine. "Hata mimi sijue. Ugomvi nilikumbuka tukiwa tumefika kwa kanisa."

Nikamwambia kutoka kitandani, "Basi ungenitupa pale kwa kanisa."

"Vile uko muzito, ningekutupa mbele ya kufika pale."

Ulicheka hadi mwavuli ukanimwagia maji usoni. Nilipotoka hospitali, hakunisalimia tena.

Juzi mke wake alipiga yowe kwamba mzee ameanguka. Nilikuwa napika uji. Maman yangu, nilishtukia nimesimama ndani ya nyumba yake, fimbo mkono huu, uji mkono huu. Miyenzi niliivuka wapi? Sijui. Kiapo changu kilibaki jikoni.

Faustin alifumbua jicho. "Umevuka mupaka."

"Nyamaza, kunywa."

Ndani yangu kuna kitu kilichoamka kabla yangu, na hakuna aliyenifundisha, shule sikuiona. Kama ni Mungu alikiweka, alikiweka mbali sana, hasira haifiki. Kama ni wale wazee wa zamani, basi fikiria: mwanamke ambaye jina lake limepotea, asiyejua kama utazaliwa, alimnyooshea jirani chakula, na mkono wake haujashuka mpaka leo. Unaita hiyo bure? Mimi nikifikiria hivyo nakosa pumzi.

Upendo wangu kwako sikuutengeneza mimi. Nimeubeba kipande changu cha njia, kama ingobyi, mabega yanapokezana.

Siwezi kubishana na walimu wako. Njoo likizo, ukae na mimi. Faustin bado hanisalimii, na uji wangu anaumaliza.

Ni mimi, niliyekupenda kabla sijafikiri,
Nyanya yako