Bei ya Mwalimu

Karagita, Naivasha
19 Januari 2025

Mama mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku ziwani. Sisi ni wazima, ila vumbi la Januari limetukausha midomo. Vipi miguu, uvimbe umeshuka? Na zile dawa za moyo, unazimeza au unazitazama tu na kuzirudisha kwenye kopo? Ningekupigia simu, lakini kwa masikio yako najua utasikia upepo tu, kwa hivyo nimerudi kwa barua kama ulivyotaka. Itakufikia Rongai pamoja na mashuka, ndani ya kifurushi kimoja.

Mama, nina shida, na wewe peke yako ndiye unayeweza kunitoa. Unajua nimo kwenye kamati ya wafanyakazi hapa shamba la maua. Mkataba wetu wa mshahara unaisha Machi. Meneja ameleta wazo la mkataba wa miaka miwili: mshahara upande kwa kiasi kile kile ambacho serikali inasema bei zimepanda. Redio ikisema asilimia tatu, tunapata tatu. Mimi naona ni haki, kwa sababu hakuna kubembelezana. Wenzangu hawataki. Wanasema hiyo nambari haijawahi kuingia dukani. Kuna kijana anaitwa Makhanu, amekuja mwaka jana kutoka Bungoma. Juzi alinisimamisha mbele ya watu pale mferejini tunapochota maji: "Mathe, hizo asilimia zenu hupikwa kwa sufuria gani? Mbona sisi hatuonjeshwi?" Watu walicheka mpaka ndoo zikamwagika. Sasa wananiita Mama Asilimia.

Sijawaambia kwamba mama yangu, mpaka mwaka jana, ndiye aliyekuwa akiiandikia serikali bei za soko la Rongai. Nataka kuwaambia. Lakini kwanza nijibu vile ulivyotufundisha kujibu, bila kuongeza wala kupunguza: zile bei zilikuwa za kweli? Nikisimama niape kwa jina lako, nitaanguka?

Binti yako,
Wariara


Rongai
2 Februari 2025

Wariara, wewe uliyebeba jina la mama yangu,

Mashuka nimeyapata, na barua pia. Asante. Miguu bado imejaa. Daktari wa Nakuru amesema moyo umechoka, nami nikamwambia umefanya kazi, una haki ya kuchoka. Hakucheka. Vijana wa siku hizi hawacheki kazini. Wewe je, mgongo umepoa? Bado wanawasimamisha kutwa nzima mkifunga maua?

Umeniuliza kama bei zilikuwa za kweli. Swali hilo lingetoka kwa mtu mwingine lingenikasirisha. Tangu nistaafu ualimu mpaka miguu iliponikatalia Oktoba, sikukosa mwezi hata mmoja. Utaratibu ulikuwa mmoja: muuzaji yule yule, kipimo kile kile, ili tulinganishe maharagwe na maharagwe. Viazi kwa Mama Muiruri, maharagwe kwa Jepkemei, niliyemfundisha mwenyewe. Nauliza bei kama mnunuzi, napima kwa mizani yangu, naandika, naondoka. Siku ya mvua nilienda na gamubuti. Sikuwahi kukisia nikiwa nyumbani, ingawa nani angejua?

Na nikwambie jambo ambalo hata baba yako hakulijua. Ile nambari ilipotangazwa redioni, nilikuwa nasimama. Peke yangu jikoni, nasimama kama mtu anayesimama kanisani Injili ikisomwa. Nilifikiri: ndani yake mna maharagwe ya Jepkemei, mna samaki wa mtu wa Lodwar ambaye sitamjua, mna mafuta ya taa ya mtu wa Garissa. Nchi nzima imeingia kwenye nambari ndogo inayotamkwa kwa pumzi moja. Nilifundisha hesabu maisha yangu yote, lakini hapo ndipo nilipoona hesabu yenye watu ndani.

Kwa hivyo apa, mwanangu. Waambie mama yako alizishika hizo bei kwa mkono wake.

Mama yako


Karagita
9 Machi 2025

Mama mpendwa,

Natumaini mvua za kwanza zimekuachia usingizi. Huku zimeanza na tope limeanza nazo. Nimesikia kutoka kwa jirani yako kwamba sasa unalala umeketi. Mbona hukuniambia?

Niliapa, Mama. Nilisimama pale mferejini nikasema, mama yangu ni mwalimu, hakuwahi kumpa mtoto alama asiyostahili, na bei za Rongai ameziandika yeye. Kisha Nerima, yule tunayesimama naye meza moja, akasema, "Mtu haapi kwa mama yake juu ya uongo. Mimi nimekubali." Wengi wakanyoosha mikono.

Makhanu hakunyoosha. Alinifuata mpaka mlangoni kwangu. "Mathe, sijasema mama yako ni mwongo. Nasema tu mimi naishi hapa, na hiyo nambari haiishi hapa. Tukisaini miaka miwili na ikawa imekosea, utanilipa wewe?" Nikamwambia ndiyo, kwa hasira tu.

Tunasaini Ijumaa tarehe ishirini na nane. Niombee.

Binti yako,
Wariara


Rongai
21 Machi 2025

Wariara mwanangu,

Leo sitauliza mengi juu ya afya yako. Nisamehe. Naandika nikipumzika kila mistari mitatu, na barua hii lazima ikufikie kabla ya Ijumaa.

Niliapa vibaya, nikakuapisha na wewe vibaya. Sikujua, lakini sasa najua, na anayejua akinyamaza ndiye mwongo.

Jumapili wanawake wa soko walikuja kuniombea. Walileta unga wa wimbi, wakaimba, wakanipikia uji. Jepkemei aliketi upande wa sikio langu zuri. Wakaanza kuchangamka, na katika kucheka akasema, "Mwalimu, tangu uugue soko limekuwa baridi. Hatuna tena wa kumpigia Mtihani!"

"Mtihani gani?"

Wakatazamana. Mama Muiruri akaficha mdomo kwa leso.

"Mwambie wewe."

"Mimi? Si wewe ndiye ulianza?"

"Haya, Mwalimu, usikasirike," akasema Jepkemei. "Ulipokuwa ukitokeza pale kona ya buchari, wa kwanza kukuona alisema 'Mtihani!' Neno linapita kwa mstari mpaka mwisho. Na sisi tunageuza vibao."

Wariara, unavijua vile vibao vya katoni wanavyochomeka kwenye magunia, vyenye bei. Upande mmoja kulikuwa na bei ya watu. Upande wa pili kulikuwa na bei yangu.

Nikauliza tangu lini. Wakasema tangu mwaka wa corona, vitu vilipoanza kupanda. Walikubaliana Mwalimu asipandishiwe. Gorogoro ya maharagwe, kopo moja la kupimia, ilikwenda mia mbili na thelathini, ikaenda mia mbili sabini, ikafika mia tatu. Mimi nilibaki mia mbili.

"Lakini nilikuwa naandika!" nikasema. "Niliwaambia ni ya serikali!"

"Ndiyo maana," akasema Mama Muiruri. "Tukasema, hata serikali ione kwamba soko letu lina adabu."

Walicheka, na mimi nikacheka, maana ningefanya nini? Kisha nikamuuliza Jepkemei kwa nini, yeye ambaye ana watoto wa kulisha. Akanitazama kama aliyeulizwa jina lake. "Si ulinishikia mtoto nikifanya mtihani wa darasa la nane? Ulitembea naye nje ya dirisha asubuhi yote, ili nisikie halii." Mwanangu, nilikuwa nimesahau kabisa. Nilikumbuka uzito wa mtoto, lakini sikukumbuka alikuwa wa nani.

Sasa sikiliza, kwa sababu mimi ni mwalimu wa hesabu na sitaki wenzako wadanganywe upande wa pili pia. Kama wangenipunguzia kiasi kile kile siku zote, mwendo wa bei usingeharibika sana. Ningekuwa chini kidogo, lakini ningepanda pamoja na wengine. Ila wao walinisimamisha. Bei ilipanda mlima na mimi nikaandika kwamba imekaa. Wala sisemi nambari yote ni uongo. Waandikaji ni wengi nchini, na soko langu ni tone. Sijui kama wengine nao walipendwa. Ninachoweza kukitengua ni kile tu nilichokiapa: bei za Rongai hazikuwa za kweli.

Ningepaswa kuwa na aibu, na ninayo. Lakini Mungu anisamehe, aibu si kubwa kama mshangao. Unajua Menengai inavyoonekana kutoka barabarani, kilima tu, unaipita ukiwaza mengine. Kisha siku moja unapanda, unafika ukingoni mwa shimo lake la volkano, na miguu inakataa kusogea. Nilipita katikati ya wanawake wale miaka yote na mizani mkononi, nikidhani napima, kumbe nilikuwa natembea juu ya ukingo wa kitu kisicho na kipimo. Tangu Jumapili nalala kidogo. Nikifunga macho naona vibao vinageuka, kimoja baada ya kingine, mpaka mwisho wa mstari.

Wasomee barua hii. Yote, hata sehemu yangu. Siku zangu zimebaki chache, hilo halihitaji daktari, na sitaki kukuacha umesimama juu ya kiapo kilichooza.

Mama yako


Karagita
6 Aprili 2025

Mama yangu mpendwa,

Mungu akupe pumzi. Nimezungumza na daktari mwenyewe. Nimeomba ruhusa ya Pasaka nije nikae nawe, na nitakuja, wapende wasipende.

Barua ilifika Alhamisi jioni. Nilitaka kuificha, nakwambia ukweli. Nilizunguka ua wa ploti yetu ya kupanga nayo kifuani. Kisha nikaenda mferejini nikaisoma yote, hata sehemu yako.

Nilingoja watu wanizomee. Makhanu alikuwa mbele kabisa, mikono kifuani. Lakini aliyecheka kwanza ni Nerima, na hakuwa akinicheka mimi. "Ngoja," akasema, "kumbe! Na mimi Mama Jonah wa kibanda huniuzia maharagwe mia mbili themanini kwa sababu tunaimba naye kwaya." Mwingine akasema, "Mia mbili themanini? Mimi ananipa mia mbili sitini, tulizaa wodi moja." Mwingine akasema mia tatu na kumi. Mama, ni kibanda kile kile, gunia lile lile! Tulisimama pale giza likiingia, kila mtu akitaja bei yake, na hapakuwa na bei mbili zilizofanana. Miaka yote tumekula kutoka gunia moja tukidhani tunalipa sawa. Watu waliacha kucheka. Ilikuwa kama kanisani, hakuna aliyetaka kuondoka.

Mwisho wakamgeukia Makhanu. "Na wewe?"

"Mia tatu na arobaini," akasema. "Na sikuwahi kuongezewa hata punje." Hana ndugu hapa, haimbi kwaya, hana aliyezaa wodi moja na mtu. Akaniangalia. "Mathe, kumbe nilikuwa naishi ghali kwa sababu sijulikani."

Nerima akataka kumpeleka kwa Mama Jonah papo hapo amtambulishe. Makhanu akakataa. "Ngojeni kwanza tusaini. Mkinitambulisha mapema mtaharibu bei."

Hatukusaini Ijumaa. Tulimwambia meneja tunataka mshahara ufuate bei ya mgeni, ile anayolipa mtu asiye na mtu, kwa sababu hapo ndipo wema wa jirani unapoisha na mshahara unabaki peke yake. Alisema hiyo si takwimu, ni hadithi. Tutakutana Juni na mpatanishi kutoka nje. Huenda tukashinda, huenda tukapoteza hata ile asilimia tatu. Kuna wanaonilaumu tayari.

Mimi nimetoka kwenye kamati. Hakuna aliyenifukuza, lakini niliapa, na kilichoapwa kikavunjika, siwezi kukaa kiti kile. Wamemchagua Makhanu. Usisikitike. Bado wananiita Mama Asilimia, lakini sasa wananipisha mferejini.

Nakuja Pasaka.

Binti yako,
Wariara


Rongai
12 Aprili 2025

Wariara,

Uko salama? Mimi niko. Mkono umekuwa mzito, utanisamehe hati hii. Kama ungekuwa mwanafunzi wangu ningekurudishia uandike upya.

Barua yako nilisomewa mara mbili. Kisha nikamwita Jepkemei aje na gunia lake. Nikamwambia niuzie gorogoro ya maharagwe kwa bei ya mgeni.

Akakataa. Akasema nichukue bure. Akasema mia mbili. Nikamwambia, "Jepkemei, nimebakiwa na siku chache za kujua. Kama ungekuwa hunijui, ningelipa ngapi?" Akageuka akaangalia ukuta, ndipo akasema. Nami kwa ukuta sisikii. Ikabidi arudi, anikaribie, anitazame usoni, na kwa kuwa masikio yangu ni haya, ikabidi apige kelele mpaka majirani wakatoka nje:

"Mwalimu! Ni mia tatu na ishirini!"

Lo, mwanangu, ni mbali sana kutoka mia mbili.

Nikalipa. Akachota kiganja cha nyongeza, nikamwambia mgeni haongezewi. Akakirudisha kwenye gunia, na aliona haya kama aliyeiba.

Maharagwe yako jikoni, nimeyaloweka. Ukija tutakula.

Mama yako