Jina Langu Kwenye Orodha Yako

Columbus, Ohio
21 Februari 2016

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, na kwamba mguu wa Mama umempa nafasi ya kupumua baridi hii. Sisi hatujambo. Mke wangu Lorena ana mimba ya miezi mitatu. Usikunje uso. Najua kwenu yeye ni Mwingereza, kama mnavyomwita kila asiye Mwamishi wa kanisa lenu, japo wazazi wake wametoka Mexico na Uingereza hawajaiona hata kwenye ramani.

Nimekasirika, Baba. Jana nilikwenda kwa mtu wa kunijazia fomu ya kodi. Akaniuliza, "Mwaka jana mlikuwa na bima ya afya?" Nikasema hatukuwa nayo. Akagonga mashine yake. "Basi kuna faini. Dola mia tatu ishirini na tano wewe, na mkeo vivyo hivyo." Mia sita na hamsini, kwa kosa la kutougua! Nikamweleza kwamba mimi nimekulia mahali ambapo hakuna anayejua bima inauzwa wapi. Farasi akikupiga teke, shemasi anapita nyumba kwa nyumba na hospitali inalipwa. Akacheka sana. "Na shemasi wenu yuko wapi leo?"

Yuko Holmes, na ni baba yangu. Serikali iliwasamehe Waamishi bima hiyo, na kila mmoja akapewa hati yenye nambari. Yangu ilikuja kwenye sanduku lako kabla sijaondoka. Naomba unitumie. Nilibatizwa, Baba. Maji aliyonimwagia askofu kichwani uliyamimina wewe mikononi mwake.

Mwanao,
Mahlon

Holmes, Ohio
6 Machi 2016

Mwanangu Mahlon,

Marahaba. Mama yako anachechemea lakini anapika. Ng'ombe yule mwekundu amezaa mapacha, wote wazima. Barua yako nimeipokea. Umetengwa, na sina ruhusa ya kupokea kitu mkononi mwako, ila hii imetoka mkononi mwa tarishi, ambaye hajatengwa na mtu.

Hati sikutumii. Msamaha ule si koti la kuazima mvua ikinyesha. Tulisamehewa kwa sababu tunabebana. Mama yako alipopasuliwa, nani alilipa? Wewe ulikuwa na miaka kumi na saba, ukauza ndama wako ukaniletea pesa kabla sijakuomba. Siku ile ulikuwa mmoja wetu. Baadaye ukapiga magoti ukaahidi, halafu ukaiacha kofia yako kwenye msumari ukaondoka na gari la watu, hata kuaga hukuaga. Leo Waingereza wako wamekutoza ndipo unakumbuka ubatizo? Una macho makavu kweli.

Mimi ni shemasi. Sitii saini yangu kwenye uongo kwa ajili ya dola mia sita na hamsini. Lipa.

Baba yako,
Abner

Columbus
2 Aprili 2016

Baba,

Leo sikuamkii. Afya yako nitaiuliza siku nyingine.

Nimepiga simu mwenyewe kwenye ofisi ya hati hizo. Mama mmoja akatafuta jina langu akaniambia hati yangu ingali hai. Nikamuuliza, hai vipi? Akasema kila Januari shemasi wetu anapeleka orodha ya watu wa usharika wake, na jina langu limo. Kwenye orodha ya mwaka jana limo. Kwenye ya mwaka huu limo. Chini kuna saini: Abner Keim.

Hutii saini yako kwenye uongo! Umeitia mara mbili, tena kwa mwandiko mzuri.

Unakumbuka mazishi ya Bibi Saloma? Niliendesha gari kwa saa mbili nije kumzika, na mkaniwekea sahani kwenye kile kimeza karibu na jiko, peke yangu, mkanipa mgongo. Watoto wa dada yangu Verna walinikodolea macho kama nina ukoma. Nikameza viazi na machozi, kwa kuwa ndiyo kanuni. Kumbe mezani mimi si mtu wenu, ila kwenye karatasi ni mtu wenu? Nani amekuruhusu unigawe hivyo?

Nambari nimepewa. Yule mama akaniuliza, "Na wewe bado ni Mwamishi, sivyo?" Nikakata simu. Niambie wewe nimjibu nini. Mwisho wa kodi ni tarehe kumi na nane.

Mahlon

Holmes
9 Aprili 2016

Mahlon,

Sisi wazima. Hujauliza, lakini nakwambia.

Ndiyo, ni mwandiko wangu. Sasa unataka nikupigie magoti? Kila Januari nakaa na orodha ile. Naandika Verna, naandika wanawe, kisha linakuja jina lako. Mwana wa Ura Schlabach alipoondoka nilimfuta wiki ile ile. Kwako kalamu ilikataa. Askofu hajui, na akijua nimekwisha.

Kwa hiyo usinifundishe uongo, naujua kuliko wewe. Nakupa jibu. Mwambie huyo mama kwamba ndiyo, kisha lifanye liwe kweli. Rudi. Ungama, kaa wiki zako sita za toba, kisha ule mezani na watu. Mtoto akizaliwa kanisa litalipa hospitali kama lilivyolipa ulipozaliwa wewe. Na huyo mwanamke, tutaona.

Baba yako

Columbus
17 Aprili 2016

Baba,

Huyo mwanamke anaitwa Lorena. Barua yako ameisoma, akaikunja vizuri akairudisha kwenye bahasha. Afadhali angeichana.

Juzi nilimpigia yule mama wa ofisini. Nikamwambia hapana, mimi si Mwamishi, nilitoka miaka miwili iliyopita, nifute. Akasema, "Pole." Nikaenda kukaa ndani ya gari langu, misumari ya mabati mfukoni, nikalia kwa hasira mpaka mafundi wenzangu wakashuka kutoka kwenye paa kunitazama. Faini nimelipa yote. Novemba wakianza kuuza bima tena nitanunua, ya watu watatu.

Si pesa zinazonichoma. Ulikuwa na miaka miwili ya kuniambia kwamba umeshindwa kunifuta. Ningekuwa na neno hilo, kile kimeza cha karibu na jiko ningekivumilia. Ukaiambia serikali, mimi ukanificha. Usiniandikie tena mpaka ujue mimi ni nani kwako.

Mahlon

Columbus
19 Agosti 2016

Mama na Baba,

Amezaliwa jana, wa kike. Mama na mtoto wazima. Tumemwita Saloma.

M.

Holmes
7 Novemba 2016

Mwanangu Mahlon,

Marahaba. Shikamoo yako haijafika tangu Februari, lakini mimi naiitikia. Mguu wa Mama umepona. Kadi ya mtoto ameibandika juu ya sinki, na haruhusu mtu kuigusa.

Ulisema nisiandike mpaka nijue. Septemba nilipiga magoti mbele ya kanisa nikaungama habari ya orodha. Askofu aliniuliza kwa nini nilifanya vile. Nikamjibu kwamba yale maji niliyamimina mimi, na hakuna aliyewahi kunifundisha namna ya kuyarudisha kikombeni. Ura Schlabach alikuwa ananitazama. Alikuwa na haki ya kunitazama.

Wakanitenga wiki sita. Wiki sita, Mahlon, nimekula kwenye kile kimeza chako karibu na jiko. Ni kifupi, magoti hayaingii. Mama yako ananiwekea sahani bila kunipa mkononi. Wenzako wanacheka nyuma ya mgongo wako na kichekesho hukisikii chote. Nilikitengeneza mimi kimeza kile, na sikuwahi kukikalia.

Jana wamenirudisha. Jioni nilimwambia Mama yako kwamba nimekichanja kuni. Hakunigombeza.

Bado nimekukasirikia. Uliondoka bila kuaga, na neno la kuniambia usoni ukalimaliza na mgeni kwenye simu. Mimi mwenyewe nimejikasirikia zaidi. Jina lako halimo tena kwenye orodha, ulilifuta wewe. Imebaki meza.

Wakati nimetengwa nilichonga nyingine, kimo na upana sawasawa na ile kubwa. Kanuni inasema aliyetengwa asile meza moja nasi. Haisemi meza yake iwe mbali kiasi gani. Nimezisogeza pamoja zikabakiza nafasi ya vidole viwili, na Mama yako ametandika kitambaa kimoja juu ya zote mbili. Leo asubuhi askofu alipita. Akakitazama kitambaa, akapapasa pale katikati, akaomba kahawa.

Njooni sikukuu ya Shukrani. Hasira zako njoo nazo, hata zangu zitakuwepo. Lorena hajatengwa na mtu, akae upande anaoutaka. Saloma nitamshika mimi, pale kwenye vidole viwili.

Baba yako