Mkono wa Kushoto wa Salim

Kiembeni, Mombasa
Alhamisi, baada ya alasiri

Mdogo wangu Hamisi,

Natumai barua hii itakukuta kile kikohozi kimekwisha, na wifi yangu Rukia anaweza tena kupanda ngazi bila kushika ukuta. Mimi mwili wangu mzima, alhamdulillahi. Ni roho iliyokosa utulivu, ndiyo maana nimeshika kalamu badala ya simu. Simu katika nyumba hii haina siri. Nikianza kuongea chumbani, sufuria jikoni zinanyamaza. Barua nampa jirani yetu anayekuja Tanga harusini. Nimeifunga kwa gundi, kisha kwa utepe. Ukikuta utepe umebanduka pembeni, nijulishe.

Kabla ya yote nina swali. Uliniambia chumba changu katika nyumba ya mama bado ni changu. Nakuamini. Lakini katika picha uliyonitumia siku ya Idi, nyuma yako, kwenye dirisha la chumba hicho, kumeanikwa shati. Shati lile si kipimo chako wala si la mwanao. Sisemi kitu. Nauliza tu, na ukifika mwisho utajua kwa nini nauliza sasa, baada ya miaka yote hii ya kusema nitarudi Pangani, mara nikistaafu ualimu, mara Salim akioa, mara wajukuu wakianza shule.

Habari yenyewe ni ya mwanangu Salim. Kazi yake bado ni ile ya kuwatolea watu mizigo bandarini. Gofu aliianza kwa ajili ya kazi hiyo, kwa kuwa wateja wake wakubwa hukubaliana zaidi wakitembea kwenye majani kuliko wakikaa ofisini. Nilimcheka wakati ule: watu wazima wanakipiga kijipira, wanakifuata, wanakipiga tena. Baadaye akaupenda mchezo kweli. Kila Jumamosi asubuhi mfuko wa fimbo ulikuwa mlangoni kabla ya chai.

Sasa maisha yamepanda, nanyi huko mnajua. Unga umepanda, gesi, umeme, petroli, na karo ndiyo usiseme. Mkewe Zuhura amepunguza nyama, akatupunguzia na sukari kwenye chai akidai ni kwa afya yangu. Hata huko klabuni walianza kubana. Salim alikuwa akitusimulia mezani: matajiri waliokuwa wakiacha mpira ukishaingia kichakani, sasa wanapiga magoti kuutafuta mpaka wanaowafuata nyuma wanapiga mbinja. Wengine wanacheza nusu ya mashimo kisha wanasingizia mgongo. Wengine wanajibebea mifuko yao na kusema daktari amewaagiza mazoezi. Tulicheka sana. Halafu siku moja akaacha kusimulia, na mimi hapo ndipo nilipoanza kumtazama.

Huenda hujui kwamba mchezaji wa gofu huvaa glavu mkono mmoja tu. Salim huvaa kushoto. Kwa hiyo kwa miaka amekuwa na mikono ya watu wawili: wa kulia umechomwa na jua kama wa mkulima, wa kushoto umepauka kama wa karani. Nilikuwa nikimtania, namwambia nipe mchuzi kwa mkono wa mkulima. Basi jioni moja alinipa bakuli, nikaona mikono imelingana. Yote miwili myeusi.

Jumamosi iliyofuata nilimngoja arudi. Viatu vya gofu vilikuwa safi, vikavu, vimefungwa vilevile alivyoondoka navyo. Na kwenye kitambaa cha mfuko wa fimbo kulikuwa na zile mbegu ndogo zinazong'ang'ania nguo. Majani ya klabuni hukatwa kila siku, Hamisi. Mbegu zile ni za mahali pasipofyekwa.

Sasa mtu anayeacha kuvaa glavu ameacha kucheza, ndivyo nilivyofikiri. Na mwanamume aliyeacha kucheza, lakini kila Jumamosi anatoka na mfuko na kurudi na viatu safi, wewe ungemdhania nini? Mimi na wewe hatuhitaji kufundishwa. Unakumbuka minazi ya baba ng'ambo ya mto, iliyotaka kukaguliwa kila wiki, mpaka siku ya maziko yake tukawaona ndugu zetu kwa mara ya kwanza, wamesimama upande wa pili wa jeneza, wenye pua kama yake. Mama hakuzungumza tena juu ya minazi. Sikutaka Zuhura asimame pale mama aliposimama.

Nikapanga. Jumamosi iliyopita niliamka mapema, nikavaa buibui, nikaenda kukaa garini kabla Salim hajatoka. Alipofika na mfuko wake nikamwambia mbele ya mkewe kwamba leo nataka kwenda kuuona huo mchezo. Alibaki ameshika mlango. Zuhura alikuwa kibarazani anatutazama sote wawili, wala hakunishangaa. Jambo hilo nalo nililiweka akilini.

Nikwambie na hili: mkobani nilikuwa nimetia leso mpya, doti nzima, ambayo nimeichagua yenye maneno yasiyomchoma mtu. Nilijiambia, kama huko tuendako kuna mtoto, mtoto hana kosa, na sitamwona mjukuu wangu mara ya kwanza mikono mitupu.

Njia ya kwenda klabuni tukaipita. Salim akakaza macho mbele.

"Umeipita njia," nikamwambia.

"Najua, mama."

Tukaingia kisiwani, tukakikata, tukafika kivukoni. Kwenye feri alininunulia korosho kama mtu anayemtuliza mgonjwa. Korosho nikala, lakini sikumshukuru. Likoni tukakata kuelekea Bofu, tukaacha lami, tukapita vichochoro, mpaka nyuma ya nyumba za mwisho ambako kuna uwanda wenye mbuzi. Nikaanza kutafuta kwa macho nyumba mpya yenye pazia.

Hapakuwa na nyumba. Palikuwa na vijiti vimefungwa vitambaa, na chini ya kila kijiti mkebe wa rangi umefukiwa ardhini hadi mdomoni. Wanaume kadhaa walikuwa wakingoja. Salim akavua viatu vyake vizuri, akavaa ndara, akatoa fimbo. Glavu hakuvaa.

Mmoja wao alikuja kunipa shikamoo. Ni Katana, mtu wa makamo wa mtaa wa Shika Adabu, aliyembebea Salim mfuko klabuni kwa miaka. Alinieleza bila haya kwamba wachezaji walipoanza kujibebea mifuko, wabebaji walikosa kazi, nao mchezo wameushika na hawana pa kuupeleka. Wakamwomba mwenye mbuzi uwanda wake, wakafukia mikebe iwe mashimo. Salim alipojiondoa klabuni, akawafuata. Glavu ilichanika, nyingine hakununua.

"Mwanao huku ndiye mnyonge wetu, mama," akaniambia. "Kule alikuwa akinilaumu mimi kwa kila mpira. Hapa analaumu mbuzi."

"Mbuzi alisogea," Salim akasema.

"Mbuzi amefungwa kamba, bosi."

Wakacheka, na mwanangu akacheka nao kwa kicheko ambacho sijakisikia nyumbani tangu bei zianze kupanda. Nikakaa kwenye jiwe, mkoba mapajani, na leso ndani yake ikinielemea kama tofali.

Kurudi, kwenye feri, nikamuuliza kwa nini kuficha jambo lisilo na aibu. Akasema ada ya klabu ndiyo iliyokwenda kwenye karo, na hajuti. Lakini wateja wake amewaambia ni mgongo tu unamsumbua; mmoja akisikia ameacha klabu atasema huyu anazama, mizigo yangu itakwama naye. Zuhura angemweleza dada yake wa Kisauni, dada angemweleza mumewe, na mume anafanya kazi kwa mmoja wa wateja hao. Akaniomba nimfichie. Sikupenda, ila nilikuwa na yangu ya kuficha, nikakubali.

Tulipofika, nilikuwa nainama mlangoni kuvua viatu. Zuhura, kwa heshima yake, akanipokea mkoba. Kifungo kililegea. Akaiona leso, mpya, imekunjwa kama inavyokunjwa ya kumpelekea mzazi aliyetoka kujifungua. Akaifunga tena mkobani taratibu. Akatupakulia wali. Tulipoanza kula akaniuliza, sauti ya kawaida kabisa:

"Mama, mtoto ni wa kike au wa kiume?"

"Mtoto gani, mwanangu?"

"Huyo mliyekwenda kumwona."

Kumbe naye alikuwa amekwisha kuhesabu yake. Alishawapeleka watoto klabuni kuogelea, askari wa getini akamwambia jina la bwana halimo tena. Kwa wiki nyingi alikuwa akimwona Salim anaondoka kwenda mahali asipoandikwa, na akinyamaza. Aliponiona nimekaa garini Jumamosi ile, akaamua mimi ndiye ninayejua, na kwamba nakwenda kubariki.

Salim akamweleza kila kitu. Bofu, mikebe, mbuzi, Katana. Zuhura alimsikiliza mpaka mwisho.

"Ukitaka kunidanganya," akamwambia, "nidanganye kwa heshima basi. Mikebe ya rangi?" Kisha akanigeukia. "Na leso ni ya mbuzi, mama?"

Alikuwa amekwisha kusimama. Kwao ni Changamwe, si mbali, na nilimwona akitazama upande wa chumba cha watoto. Ikanibidi niseme. Nikasema leso nimeibeba mimi, kwa dhana yangu, Salim hakujua kama imo. Salim akaweka kijiko chini.

"Mama, ulinidhania hivyo?"

"Nilikudhania baba yangu," nikamwambia.

Hajanijibu mpaka leo. Hunisalimia, huniuliza dawa, lakini jibu la lile neno hajanipa.

Zuhura akazunguka meza. Akamshika mkono wa kushoto, akaugeuza kiganja juu. Kulikuwa na malengelenge chini ya vidole, mengine yamepasuka, mengine yameshakuwa sugu. Akayapapasa moja moja kama anayekagua mchele.

"Huu si mkono wa mtu aliyekuwa akibembelezwa," akasema.

Nilidhani yamekwisha. Akauachia mkono. "Au anamjengea nyumba," akasema, akaondoa sahani.

Ndivyo tulivyo tangu siku ile. Kwao hajaenda, lakini sanduku la nguo za watoto limeshushwa kutoka juu ya kabati na halijarudishwa. Ametangaza kwamba kesho kutwa ataandamana na Salim mpaka Bofu. Raba zake ameshaziweka mlangoni, kando ya mfuko wa fimbo, tangu jana. Nilimwomba anirudishie leso yangu, akakataa. Ameitia mkobani mwake. Anasema akikuta gofu ataitandika akae, na akikuta jambo jingine ataijua kazi yake.

Mimi nimeona kwa macho yangu, Hamisi, najua atakuta gofu. Halafu usiku nawaza: na kama Katana na wenzake wamepata kibarua Jumamosi hiyo? Na kama mwenye uwanda ameshang'oa mikebe, atoze pesa, kama kila mtu anavyotoza siku hizi? Atakuta mbuzi tu. Nimemwomba Salim amkumbushe Katana. Akaniambia hana haja ya kumpanga mtu. Nimeikosa namba ya Katana mwenyewe.

Nisalimie wifi yangu, na mama mdogo aliyebaki, umwambie bado nasoma bila miwani mchana. Msalimie mwanao fundi wa mashua, na mwalimu mwenzangu wa zamani anayepita kukuuliza habari zangu. Na wale ndugu zetu wa ng'ambo ya mto, ukikutana nao sokoni, wasalimie pia, mara hii kwa jina langu.

Sasa nijibu habari ya lile shati. Kama kuna mpangaji, usimtoe bado. Niambie tu ni nani, na kama chumba kina nafasi ya kitanda cha pili, maana nikifukuzwa na mkwe wangu sitakuja peke yangu, nitakuja na Salim. Na Zuhura mwenyewe akiondoka hapa kwa kosa la leso yangu, nitamfuata nimrudishe.

Wako wa tumbo moja,
Mwanajuma