Kofia ya Chepngeno

Kapkatet,
Jumapili, baada ya kanisa.

Kwako pamwai wangu Njenga,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu mimi, baba ya mume wa binti yako. Natumaini uko mzima, na goti lako pia, na duka. Sisi huku hatujambo, majani chai yameota, na ng'ombe wangu bado anashinda wa majirani wote kwa maziwa. Hii barua nimeandika na mkono wangu, sikuandikiwa na mtu. Kwa simu wewe huongea sana, ningekata.

Unakumbuka siku daktari Celine alituita juu ya kichwa cha mjukuu wetu Chepngeno. Ule mfupa waliotoa mwaka jana, baada ya teke la punda, uliacha shimo. Akatuonyesha vitu vya kuziba: wavu wa chuma na plastiki ngumu. Halafu akasema kuna njia ya tatu, mfupa wa mtoto mwenyewe, unatolewa upande wa kichwa usioumia na kupasuliwa kama ubao, vipande viwili vyembamba, kimoja kinarudi, kingine kinaziba. Mimi nilisema chuma. Mabati yangu nilipiga mwaka wa themanini na mbili na hayavuji mpaka leo. Wewe unayeuza mabati ukasema mfupa, eti mtoto ana miaka saba, kichwa bado kinakua na chuma hakikui. Daktari akawa anaangalia wewe tu. Nikasema basi wachukue ubavu wangu, haujawahi kuvunjika. Daktari akacheka kidogo. Wewe ukacheka sana.

Tangu hiyo siku sikupendi. Chepngeno kila saa ni Guka amesema, Guka ameleta, kama mimi Kugo si babu yake pia. Hata hiyo kofia ya sponji ya kulinda kichwa ni wewe ulileta. Mimi nilimchongea kiti, na hakuna mtu amesifu hicho kiti.

Binti yako Mwihaki huniuliza kila asubuhi kama hospitali imepiga simu, kwa sababu nililazimisha namba yangu ndiyo iandikwe kwa faili. Mimi ndiye mwenye boma. Humwambia bado. Nilimwambia hata madaktari wenyewe wanafikiria tena habari ya chuma.

Sasa juzi mtoto alinikuta kwa majani chai, akavua kofia, akasema Kugo weka mkono hapa, Guka huogopa, lakini wewe huogopi kitu. Nilifurahi sana, nikaweka. Pamwai, ni laini. Inapiga chini ya kidole kama koo la kifaranga. Mimi nimeshika ng'ombe dume kwa pembe, lakini huo mkono niliutoa haraka, na yeye akaniuliza, kumbe hata wewe?

Basi sikia. Hospitali ilipiga. Ilipiga wiki tatu zilizopita, wakasema mtoto aletwe Jumanne, watatumia mfupa wake. Nikasema asante, nikarudisha simu mfukoni. Wakapiga tena hiyo Jumanne, nikaiacha ilie. Sikutaka neno lako lishinde. Nilichuma majani siku nzima nikiimba.

Jana nilimpigia daktari mimi mwenyewe. Alinigombeza kama mtoto. Ametupa nafasi nyingine, Alhamisi ya wiki ijayo. Mwihaki nitamwambia leo jioni. Hii barua ikikufikia usimpigie kunisemea. Hiyo aibu ni yangu, usinichukulie hiyo pia.

Njoo Jumatano ulale kwetu. Asubuhi wewe ndiye utaingia kwa daktari, uulize maswali yako yote, hata yale marefu. Mimi nitakaa nje na kofia. Usiniambie nikupatie uishike.

Msalimie mama wa nyumba, na wote wanaoniulizia hapo dukani, kama wako.

Ni mimi, nisiyekupenda na ninayekungoja,
Alfayo arap Sigei