Dumu la Sindano za Mama

Jumanne, jioni

Na lile dumu la mafuta lilikuwa bado chini ya kitanda cha mama, tangu tumzike kule Mwazye. Humo ndimo alimokuwa akiweka sindano zake za kisukari akishazitumia. Hakutupa hata moja kwenye shimo la taka, maana watoto wa jirani huchezea pale pekupeku.

Leo nimelipeleka zahanati. Nesi akalitikisa. "Mbona halijajaa?"

Nilitaka kumwambia.

Akanipa dumu jingine, tupu. "Hili mlilete likikaribia kujaa. Haya, msalimie mama."

Nami, mjinga mimi, nikajibu kama tunavyojibu siku zote: "Zimefika."

Dumu tupu nimeliweka palepale chini ya kitanda.

Zimefika wapi, mama?